Rudia Sampuli

Kuna maneno mawili ambayo kila aliyewahi kufanya kazi kwenye maabara ya maji ameyasikia: rudia sampuli. Mara nyingi ni maneno ya haki kabisa. Kidole kinaweza kugusa mdomo wa chupa, boksi la barafu likachelewa njiani, jibu likatoka baya ilhali maji yenyewe hayana neno. Lakini zipo siku ambazo maneno hayohayo hutamkwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umerudishwa. Siku hizo maana yake ni nyingine: rudia mpaka upate jibu tunalolitaka.

Nilikuwa fundi sanifu wa maabara kwenye mamlaka moja ya maji. Siitaji, kwa sababu ninachotaka kukisema kinawahusu watumishi wa kila mahali wanaopima maji ya watu wengine.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee wa miaka mingi kwenye fani. Siku ya kwanza hatukugusa mashine yoyote. Tulikwenda kwenye koki moja ya nje, yeye akiwa na mkoba wa chupa na mimi nimebeba boksi la barafu. Alifungua kile kichujio kidogo cha mdomoni mwa koki, akaifuta, akaichoma kwa moto, kisha akaacha maji yatiririke dakika mbili tatu. Akafungua chupa bila kuweka kifuniko chini. Ndani ya chupa mlikuwa na punje chache nyeupe. Nikadhani ni uchafu.

"Hiyo ni thiosulfeti," akasema. "Inaimaliza klorini. Usipoiweka, klorini itaendelea kuua bakteria ndani ya chupa njia nzima. Utafika maabara na maji masafi kuliko aliyokunywa mwenye nyumba."

Sentensi hiyo sijaisahau, kwa sababu ndani yake kuna kazi nzima. Chupa ikiandaliwa vibaya inadanganya yenyewe, bila mtu kufungua kinywa.

Kisha akapima klorini palepale: mililita 10 za maji kwenye kijaribio, kidonge kimoja cha DPD, yaani kidonge cha kupimia klorini, unakisaga kwa kijiti na kutikisa. Klorini ikiwepo, maji yanageuka pinki. Pinki iliyokolea ni klorini nyingi, pinki hafifu ni kidogo, na yakibaki meupe pee ujue maji yamefika hapo bila mlinzi. Shirika la Afya Duniani linataka klorini inayobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita mahali maji yanapomfikia mtumiaji, na kwenye kila mililita 100 isipatikane hata bakteria mmoja wa E. coli, maana huyo ni alama ya kinyesi. Yule mzee alisoma rangi, akatoa kalamu mfukoni akaandika akiwa bado amechuchumaa.

"Mwanangu, andika hapahapa penye koki. Usiseme nitaandika ofisini. Ofisini kuna watu wengi."

Sikumwelewa. Nilidhani anazungumzia kelele.

Miaka michache baadaye mvua kubwa ilinyesha siku tatu mfululizo, na maji ya chanzo chetu yakageuka tope. Jumatatu nilichukua sampuli kwenye vituo vyote. Bakteria hawaonekani siku hiyohiyo: unachuja maji kwenye utando mwembamba, unauweka utando juu ya kitambaa chenye lishe ndani ya kisahani, unakilaza kwenye kabati la joto la nyuzi 44, unasubiri mpaka kesho yake. Jumanne asubuhi nikafungua kabati. Kisahani cha kituo kimoja kilikuwa na vidoa vya njano. Nikahesabu 14. Nikavua miwani, nikaifuta, nikahesabu tena. Vilikuwa 14.

Mkuu wangu hakupiga kelele. Alikitazama kile kisahani muda mrefu, kisha akasema tusizue taharuki. "Rudia sampuli. Na waambie mtamboni waongeze dawa."

Dawa ndilo jina letu la klorini. Wakaongeza. Nikarudia sampuli Jumanne mchana, na Jumatano kisahani kikawa kitupu. Kingekuwaje vingine? Tulikuwa tumebadilisha maji kabla ya kuyapima upya. Kipimo cha pili hakikusema chochote kuhusu maji yaliyonywewa Jumatatu na Jumanne, lakini ndicho kilichoingia kwenye ripoti ya mwezi. Kile cha kwanza kiliandikwa pembeni kuwa sampuli iliingia uchafu.

Sijui kama kuna aliyeugua. Hakuna aliyeuliza, na mimi nikiwemo. Kurudia sampuli si kosa, na kuongeza dawa si kosa, tena ndivyo inavyopasa. Kosa lilikuwa kuyafanya hayo mawili badala ya kuwaambia watu wachemshe maji. Niliyajua hayo Jumanne ile ile saa tatu asubuhi, nikanyamaza. Funika kombe mwanaharamu apite. Ila chini ya kombe hili kulikuwa na watoto wa watu.

Ndipo nilipoanza kusoma habari za Walkerton, mji mdogo wa jimbo la Ontario, Kanada, wenye watu wasiofika 5,000. Mei 2000 mvua kubwa iliosha mbolea ya ng'ombe kutoka shamba la jirani hadi kwenye kisima chao namba 5, kisima kifupi. Sampuli zikachukuliwa Mei 15. Tarehe 17 maabara ikatuma majibu kwa faksi kwenye shirika la maji la mji: kuna E. coli. Meneja akaipata karatasi, akakaa nayo. Huko nje daktari wa watoto wa mji wa karibu alikuwa ameshapokea watoto wa Walkerton wanaoharisha damu, akaipasha habari idara ya afya. Tarehe 19 idara ikampigia meneja simu kumuuliza hali ya maji. Akajibu kwamba maji ni mazima. Huku akiongeza klorini.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Nilikuwa ninaisoma Jumanne yangu.

Mganga mkuu wa afya wa eneo lile, Murray McQuigge, hakuwa na jibu la maabara mkononi. Alikuwa na wagonjwa wanaoongezeka na ramani inayoonyesha wanatoka wapi. Jumapili ya Mei 21 idara yake ikawatangazia watu wasinywe maji bila kuyachemsha, kisha ikachukua sampuli zake yenyewe. Majibu yalitoka tarehe 23: maji yalikuwa na kinyesi. Mpaka balaa linakwisha, watu 7 walikuwa wamekufa na zaidi ya 2,300 wameugua. Kama McQuigge angesubiri karatasi ya mwenye bomba, watu wangeendelea kunywa.

Jaji Dennis O'Connor aliongoza uchunguzi wa mkasa ule. Sehemu iliyonishika si faksi. Ni daftari la kila siku la klorini. Kwa miaka wafanyakazi walikuwa wakiandika 0.5 au 0.75, siku baada ya siku, bila kupima. Walibandika hata chupa majina ya vituo ambavyo hawakufika. Mtu ambaye hajawahi kushika daftari la namna ile anaweza kupita mstari huo haraka. Mimi nilisimama. Maji ya kweli hayasomi 0.5 kila siku. Yanasoma 0.4, yanasoma 0.7, mvua ikinyesha yanashuka, pampu ikibadilishwa yanapanda. Daftari lenye namba inayofanana mwezi mzima limeshasema kila kitu kwa anayejua kusoma. Na walikuwepo waliokuwa na wajibu wa kulisoma.

Kwa hiyo ninapousikia msemo wa mtumishi aliyepaza sauti, sianzi kufikiria vipaza sauti na kamera. Nafikiria mtu aliyechuchumaa penye koki, anaandika 0.05 kwa sababu imesoma 0.05. Yeye ndiye wa kwanza kusema. Asiposema yeye, daktari hana pa kushika, mwandishi wa habari hana pa kushika, na jaji atakuja baadaye kuhesabu makaburi.

Zamu yangu ya pili ilikuja miezi kadhaa baadaye. Mvua tena. Nilikuwa na dada mmoja fundi wa pampu. Tulipima kwenye koki tatu za mwisho wa laini, na zote kidonge kilisagika, tukatikisa, maji yakabaki meupe. Tukatazamana. Pampu ya dawa ilikuwa imekwama usiku na kengele yake haikulia. Tuliripoti ofisini kwanza, na hilo ni muhimu nilieleze, kwa sababu watu hudhani anayesema nje amekwepa ngazi. Tuliipanda ngazi. Tukaambiwa pampu inatengenezwa, sampuli zirudiwe jioni, na suala libaki ndani.

Nilimpigia afisa afya kwa simu yangu mwenyewe, nimesimama nyuma ya gari, yule dada akiwa pembeni anashika karatasi ili nisome. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Nilijiandaa kujieleza sana, kutetea kwa nini nampigia. Hakuuliza hayo. Aliuliza maswali matatu: imesoma ngapi, koki zipi, saa ngapi. Nikasoma nilichokiandika palepale. Akasema, "Ahsante, naandika," akakata.

Kabla jua halijazama gari la matangazo lilikuwa mitaani: chemsheni maji ya kunywa mpaka mtakapoambiwa vinginevyo. Taharuki sikuiona. Niliona watu wakiwasha majiko. Kwa uzoefu wangu watu huitumia habari mbaya vizuri sana wakipewa mapema. Taharuki ninayoijua mimi ni ile inayokuja baadaye, wanapogundua kwamba ulijua ukanyamaza.

Kilichofuata nitakipita haraka maana hakina utamu. Nilipewa barua ya kujieleza kwa kosa la kutoa taarifa za ofisi bila kibali. Nilijieleza. Nikahamishiwa stoo, nikakaa miezi 14 nikihesabu elbo, valvu na gasketi. Mshahara haukupungua, posho ziliisha. Yule dada alipangiwa zamu za usiku mfululizo. Wenzangu walinijia mmoja mmoja, wakiangalia nyuma, kuniambia nilifanya vizuri. Hata mmoja hakuliweka hilo kwenye maandishi, nami siwalaumu, kwa kuwa Jumanne ile nilikuwa kama wao.

Huko stoo nilikuwa na muda, na mambo ya Flint, mji wa Michigan nchini Marekani, niliyafuata hatua kwa hatua. Ni mji wa watu kama 100,000. Aprili 25, 2014 uliacha kununua maji ya Detroit yanayotoka Ziwa Huron, ukaanza kuchota mto wake. Siku 8 kabla, msimamizi wa maabara ya mtambo ule, Michael Glasgow, aliwaandikia maafisa wa jimbo kwamba hawako tayari: anahitaji muda wa kufundisha watu na kurekebisha mpango wa upimaji, na maji yakitoka kwenye mtambo ndani ya wiki zile yatatoka kinyume na maelekezo yake. Alisema wazi, kwa maandishi, kwa wakati. Koki ikafunguliwa.

Na hadithi yake haikuishia penye ushujaa. Mwaka 2016 alikuwa miongoni mwa watumishi wa kwanza kushtakiwa kuhusu maji yale, kwa jambo la ripoti ya vipimo vya madini ya risasi ndani ya maji. Hakupinga shitaka dogo la kutotimiza wajibu, akakubali kushirikiana na waendesha mashtaka. Namtazama mtu huyu kwa uchungu. Alionya, akapuuzwa, kisha akabaki ndani ya mfumo uleule kila siku asubuhi, kalamu mkononi, akizungukwa na watu wenye vyeo. Ndio maana yule mzee wangu alisema ofisini kuna watu wengi.

Maji ya mto yale yalikuwa makali kwa mabomba, na hayakutiwa kemikali ya kuzuia ulaji wa bomba. Yakaanza kulamba risasi kutoka kwenye mabomba ya zamani. Hapa risasi ni yale madini, yasiyo na rangi wala ladha yakiwa ndani ya maji, na yanayoharibu ubongo wa mtoto kwa kiasi ambacho hakuna anayeweza kukiita salama. Oktoba ya mwaka uleule kiwanda cha injini cha General Motors kiliacha kuyatumia kwa sababu yalikuwa yanakula vyuma vyake. Watu wakaendelea kuyanywa mwaka mzima mwingine.

Sasa rudi kwenye koki ya yule mzee. Ukitafuta bakteria, unaacha maji yatiririke kwanza ili upate maji ya bomba kuu. Ukitafuta risasi ni kinyume kabisa: maji yawe yamelala bombani angalau saa 6, na uchukue lita ya kwanza kabisa, kwa sababu risasi imeingia wakati maji yamelala. Kwa hiyo anayetaka kuificha risasi hahitaji kughushi. Anawaandikia wenye nyumba maelekezo kwamba usiku, kabla ya kulala, wayaachie maji yatiririke kwanza. Ni sentensi moja tu ya kiungwana kwenye karatasi, na sehemu ya sumu imeshakwenda na maji.

Maelekezo ya namna hiyo ndiyo yaliyotumika Flint, na aliyeyafichua alikuwa mtumishi wa serikali kuu, Miguel Del Toral, mtaalamu wa kanuni za maji ya kunywa kwenye ofisi ya Chicago ya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani. Mama mmoja mkazi wa Flint alikuwa amempigia simu. Del Toral alikwenda mwenyewe nyumbani kwake, akaangalia mabomba ya ndani, akaona ni ya plastiki. Basi risasi haikuwa ya nyumba ile, bali ya bomba linaloleta maji. Kipimo kimoja cha nyumba hiyo kilisoma mikrogramu 397 kwa lita, ilhali kiwango cha kuchukua hatua wakati ule kilikuwa 15. Juni 24, 2015 akaandika waraka: mji hauzuii ulaji wa mabomba, na upimaji wake unaificha risasi. Akampa yule mama nakala.

Waraka ulipotoka hadharani, msemaji wa idara ya mazingira ya jimbo alimwita mtumishi mkaidi aliyejiendea kivyake, na redioni akawaambia watu watulie. Huku nyuma, jimbo lilikuwa linakamilisha hesabu za mji. Sampuli zilitakiwa 100, zilipatikana 71. Mbili zenye risasi nyingi zikaondolewa, na kipimo cha mji kikashuka kutoka juu ya 15 hadi 11. Nilipoyasoma hayo nilikikumbuka kisahani changu cha vidoa 14 na yale maneno ya pembeni.

Septemba 24 mwaka huo daktari wa watoto wa hospitali ya umma ya Hurley, Mona Hanna-Attisha, alisimama na rekodi za damu za watoto. Kwenye utafiti wake uliochapishwa baadaye, watoto wa Flint wa chini ya miaka mitano waliokuwa na risasi nyingi kwenye damu walikuwa wamepanda kutoka asilimia 2.4 hadi 4.9. Maafisa wa jimbo walimwambia amekatakata takwimu. Haikuchukua hata wiki mbili wakakiri kwamba namba zao wenyewe zinasema kama zake. Oktoba 16 mji ukarudi kwenye maji ya Detroit.

Watu humkumbuka zaidi daktari, na anastahili. Moyo wangu lakini huwa unarudi kwa yule wa Chicago aliyesafiri hadi kwenye sinki la mtu, akainama kuangalia bomba ni la nini.

Kitu kimoja nakidai bila kupepesa. Jibu baya la maji lisipitie kwa mwenye bomba peke yake. Baada ya Walkerton, Ontario ilibadilisha kanuni mwaka huohuo wa 2000: maabara ikikuta maji mabaya, ni lazima yenyewe imwambie mganga wa afya moja kwa moja. Hapo mpimaji hahitaji tena kuwa shujaa nyuma ya gari. Anafanya kazi yake tu. Sheria za kumlinda aliyesema nazo zinahitajika, lakini huja akiwa ameshaumia, tena nyingine zina mlango mwembamba. Sheria ya Marekani ya maji salama ya kunywa, ya mwaka 1974, inamkataza mwajiri kumwadhibu mtumishi anayeripoti, kisha inampa mtumishi huyo siku 30 tu za kulalamika. Siku 30 za kwanza baada ya unga kumwagika mtu bado hajaamini kilichompata.

Nilishaondoka kwenye mamlaka ile. Mwaka jana wakati wa mvua simu yangu iliita mapema asubuhi. Alikuwa binti mmoja, fundi mpya wa maabara, ambaye niliwahi kumfundisha kwa wiki mbili kabla ya kuondoka.

"Shikamoo. Samahani kukuamsha."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Niko kwenye koki ya mwisho wa laini. Imesoma sifuri nukta sifuri tano. Nimeripoti, wananiambia nirudie sampuli."

Nikaketi kitandani. Nikaanza kumwambia arudie kweli, lakini ile ya kwanza aiandike kwanza, palepale, na saa.

"Nimeshaandika," akanikatiza. "Nilikuwa naomba tu namba ya afisa afya."

Nikamsomea polepole, na nikamsikia anairudia huku akiandika.